Fangufangu ya Tonga na Uzushi wa Sauti Tatu

Katika maandishi kuhusu fangufangu, filimbi ya pua ya visiwa vya Tonga katika Bahari ya Pasifiki, hurudi dai lilelile: ilikuwa na sauti tatu tu, kwa hiyo muziki wake ulikuwa bado mchanga. Dai la sauti tatu lina mwenyewe. Ni William Anderson, tabibu wa meli katika safari ya tatu ya James Cook, aliyefika Tonga mwaka 1777.

Umbo la ala Anderson alilieleza vizuri. Ni pingili moja ya mwanzi, iliyozibwa na vifundo vyake pande zote mbili, yenye tundu karibu na kila ncha na mengine manne. Mpigaji huziba pua ya kushoto kwa dole gumba, akapuliza kwa ya kulia. Kisha Anderson akaongeza kwamba katika matundu hayo yanayotumika ni matatu tu. Anayetoboa mwanzi hatoboi kwa kujifurahisha. Matundu sita yana kazi yake.

Shahidi anayestahili kusikilizwa zaidi ni William Mariner. Alikuwa kijana wa miaka 15 hivi meli yake, Port au Prince, ilipotekwa Lifuka, katika visiwa vya Ha'apai, Desemba 1806. Chifu Fīnau 'Ulukālala alimlea kama mwanawe, akaishi huko hadi 1810. Aliporudi London, daktari John Martin alimhoji kwa kirefu, na kitabu kikatoka mwaka 1817. Mariner anasema kwa kawaida matundu ya vidole ni matano, na la dole gumba liko chini. Filimbi nyingine zina sita, nyingine manne. Sauti ni laini na nzito, na filimbi husindikiza aina moja tu ya wimbo, 'upe.

Safari ile ya Cook ilikaa Tonga muda usiofika miezi mitatu, tena kama wageni wa karamu. Mariner alikula, akalala na kupigana vita pamoja na wenyeji, akaijua lugha yao. Siwezi kuwapa uzito sawa.

Dai la pili, la kwa nini hupulizwa kwa pua, silipi nafasi kubwa: eti pumzi ya pua ni safi kuliko ya mdomo usemao uongo. Watonga hao hao walipuliza kwa mdomo mimiha, safu ya mianzi iliyofungwa pamoja, na kome la baharini pia. Maelezo ya kazi ya fangufangu yanatosha. Haikuruhusiwa kumshtua chifu usingizini, na pumzi ya pua ni ndogo, haina makelele. Fangufangu ilimwamsha taratibu.

Wamisionari wa Kimethodisti walikuja na tenzi zao, na filimbi ikarudi nyuma. Haikufa. Desemba 1953, Malkia Elizabeth II alipolala Nuku'alofa, mji mkuu, akiwa mgeni wa Malkia Sālote wa Tonga, wapigaji walikusanyika alfajiri nje ya dirisha lake wakamwamsha kwa fangufangu. Baadaye Radio Tonga, iliyoanza mwaka 1961, ilifungua matangazo yake kwa rekodi ya mtukufu Ve'ehala, mpigaji hodari. Anayetaka kuhesabu sauti za fangufangu na aanzie kwenye rekodi hiyo, amwache Anderson apumzike.