Robert Brooke-Popham

Sir Henry Robert Moore Brooke-Popham (18 Septemba 1878 – 20 Oktoba 1953) alikuwa afisa wa Jeshi la Anga la Uingereza aliyepanda hadi cheo kinacholingana na jenerali wa nchi kavu, na gavana wa Kenya kuanzia 1937 hadi 1939. Waingereza wanamkumbuka zaidi kwa Singapore. Katika historia ya Kenya jina lake haliachani na mgogoro wa ng'ombe wa Ukambani.

Alizaliwa Suffolk, akasoma Haileybury na chuo cha kijeshi cha Sandhurst, kisha akaingia jeshi la miguu mwaka 1898. Jina la Popham aliliongeza mwaka 1904. Urubani alijifunza 1911, ndege zikiwa bado za mbao na turubai. Vita vya 1914 vilipozuka alipelekwa Ufaransa kushughulikia ugavi wa kikosi cha ndege: mafuta, injini, vipuri, malori. Kazi hiyo haileti sifa za magazetini, lakini bila yake hakuna ndege inayoruka, na hapo ndipo kipaji chake kilipoonekana wazi. Baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Maafisa wa Anga huko Andover (1922), akaongoza majeshi ya Uingereza nchini Iraq, na kusimamia ulinzi wa anga wa Uingereza yenyewe. Alistaafu mapema 1937, na Aprili mwaka huohuo akashika ugavana Nairobi.

Alikuta sera tayari mezani. Serikali ilidai kwamba udongo wa Machakos unamomonyoka kwa sababu Wakamba wana mifugo kupita kiasi, hivyo lazima ipunguzwe. Wakamba walijibu kwamba malisho yao yamechukuliwa na walowezi, na wao wamebanwa ndani ya mipaka ya rizavu. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kukamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa, wakati kiwanda cha nyama kilichojengwa Athi River kikihitaji mifugo ya kuchinja. Julai, wanaume, wanawake na watoto zaidi ya elfu moja, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walishuka Nairobi, wakapiga kambi Kariokor na kusema hawaondoki mpaka wamwone gavana. Wakakaa wiki kadhaa. Brooke-Popham hakutaka kuonekana amelazimishwa. Aliwaambia warudi kwao, naye angewafuata. Agosti alifanya baraza Machakos. Muindi Mbingu alikamatwa baadaye na kuhamishiwa Lamu, lakini kufikia mwisho wa mwaka upunguzaji wa lazima ulikuwa umeachwa. Serikali ilikuwa na sababu ya ziada ya kulegeza: askari na polisi wake wengi walikuwa Wakamba.

Mwaka 1939 amri ya kifalme iliweka rasmi mipaka ya Nyanda za Juu kuwa eneo la Wazungu, na wafanyakazi wa Mombasa wakagoma. Septemba, vita vilipoanza, aliacha ugavana na kurudi jeshini.

Novemba 1940 aliwasili Singapore kuwa amiri jeshi wa Mashariki ya Mbali. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko madaraka, kwani majeshi ya majini hayakuwa chini yake, na ndege alizoomba hazikuja. Mpango wake wa kuwatangulia Wajapani kwa kuingia kusini mwa Thailand ulihitaji uamuzi wa haraka. Tarehe 5 Desemba 1941 London ilimpa ruhusa ya kuamua mwenyewe. Kesho yake ndege za doria ziliona misafara ya meli za Japani. Alisita, akihofia Uingereza kuonekana ndiyo iliyoivamia nchi isiyo na upande. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Wajapani walishuka Kota Bharu na katika pwani ya Thailand, na mpango ukafutwa. Tarehe 27 Desemba alikabidhi madaraka kwa Henry Pownall, kama ilivyokuwa imeamuliwa kabla ya mashambulizi. Singapore ilianguka Februari 1942. Lawama alizobebeshwa zilipita kiasi, ingawa kusita kwake hakuna wa kukufuta.

Alikufa akiwa na miaka 75, mwaka mmoja kamili tangu hali ya hatari itangazwe nchini Kenya.