Ubao wa kujazwa hewa: Ya kuzingatia kabla ya safari ndefu majini

UBAO wa kujazwa hewa, ambao mtu huusimamia akipiga kasia moja ndefu, umewavutia wengi kwa kuwa hukunjwa na kubebwa mgongoni. Hata hivyo, ubao unaofaa kuchezea ufuoni kwa saa moja si lazima ufae kwa safari ya siku nzima.

Jambo la kwanza ni umbo. Ubao wa kuchezea huwa mfupi, mpana na wenye omo ya mviringo, hivyo humchosha msafiri upesi. Ubao wa safari huwa na omo iliyochongoka inayokata maji, urefu wa takriban mita 3.8 hadi 4.2, na upana wa sentimita 71 hadi 81. Mwembamba huenda kasi, lakini asiye na uzoefu au mwenye mizigo heri achague mpana, kwani hautikisiki ovyo.

La pili, na ndilo kuu, ni ugumu. Ndani ya ubao mna maelfu ya nyuzi zinazoshikanisha kitambaa cha juu na cha chini ili usivimbe kama puto. Ubao wenye unene wa sentimita 15 haupindi upesi kama wa sentimita 10. Aghalabu huhitaji hewa ya paundi 15 au zaidi kwa kila inchi ya mraba, bila kupita kiwango cha mtengenezaji. Ukilegea, hubonyea katikati, na nguvu za mpiga kasia hupotea bure.

La tatu ni uzani. Mtu wa kilo 75 mwenye maji, chakula na hema vya kilo 20 asiridhike na ubao wenye kikomo cha kilo 100. Utaelea, lakini utadidimia na kuwa mzito kuuendesha.

Pezi moja refu chini ya tezi husaidia ubao kwenda moja kwa moja. Penye miamba na maji haba, pezi fupi la akiba hufaa.

Isitoshe, ubao huu ni mwepesi na hukaa juu ya maji, hivyo upepo huusukuma kwa urahisi. Katika Pwani ya Kenya, umande uvumao alfajiri kutoka nchi kavu waweza kumpeleka msafiri bahari kuu kabla hajatambua, kwa kuwa maji ya karibu na ufuo huonekana shwari. Kwa sababu hiyo, jaketi la kuokoa maisha na kamba ya kumfunga kwenye ubao havina mbadala.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe ubao ujazwe hewa kikamilifu, uwekwe juu ya vigoda viwili, kimoja kila mwisho, kisha asimame katikati. Ukibonyea sana dukani, hata baharini hautakuwa mgumu vya kutosha.