Sukari Iliyopanda Kidogo: Tarikhi ya Mpaka Uliowekwa na Matabibu

Siku hizi si jambo la ajabu mtu aliyekwenda hospitali kwa sababu ya kichwa au mgongo kurudi nyumbani na karatasi isemayo kwamba sukari yake imepanda kidogo, kwamba hajawa mgonjwa wa kisukari ila yu njiani kuelekea huko. Na tangu siku hiyo akawa hajui ajihesabu miongoni mwa wagonjwa au miongoni mwa wenye siha. Hali hiyo ya katikati ina tarikhi yake, nayo yafaa kusimuliwa, kwani asiyejua mpaka uliwekwaje hawezi kujua auogope kwa kadiri gani.

Mwaka 1962 wakazi wa mji wa Bedford, Uingereza, waliombwa watoe mikojo yao ipimwe, wakaitikia zaidi ya watu 25,000. Dkt. Harry Keen na wenziwe walipowapima damu baadhi yao, walikuta kwamba sukari ya wanadamu haigawanyiki mafungu mawili yaliyo mbalimbali, bali hupanda pole pole kutoka mtu hata mtu, pasipo pengo la kumwonyesha tabibu kwamba hapa ndipo uzima ulipokoma. Wale wa katikati wakafuatwa kwa miaka 10, wengine wakipewa tembe za tolbutamide, dawa ya kushusha sukari, na wengine tembe zisizo na dawa, na mwishowe haikudhihirika kuwa dawa ile iliwakinga na kisukari.

Maadam maumbile hayakuweka mpaka, kamati ndizo zilizouweka. Mwaka 1979 wataalamu wa Marekani, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani, walipandisha kiwango cha kumwita mtu mgonjwa wa kisukari, wakitegemea zaidi uchunguzi uliofanywa Uingereza na miongoni mwa Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Arizona, ambao ulionyesha kwamba madhara ya macho yaletwayo na kisukari aghalabu huwapata wale ambao sukari yao imepanda mno. Waliobaki chini ya kiwango hicho, ilhali wako juu ya kawaida, wakapewa kundi lao. Jambo hili watu wengi hawalijui, nami naliona kuwa kubwa: kundi la katikati liliundwa kwa rehema, ili watu wasibandikwe jina la maradhi wasiyokuwa nayo na kuharibikiwa katika ajira na bima.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha subira. Mtu alilala bila kula, asubuhi akatolewa damu, akanywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa katika maji, akakaa kitako saa 2, kisha akatolewa damu tena. Na ikiwa mara hii ya pili imefika milimoli 7.8 kwa lita lakini haijafika 11.1, huyo ndiye wa katikati.

Faida ya kuwajua watu hao ilidhihirika kwanza nchini China, katika Daqing, mji wa mafuta wa kaskazini-mashariki. Mwaka 1986 walipimwa watu 110,660 katika zahanati 33, wakachaguliwa 577 waliokuwa katika hali ya katikati, na kila zahanati ikapangiwa njia yake: hii ifundishe watu kula kwa kiasi, hii iwahimize kuutumikisha mwili, hii ifanye yote mawili, na ile iwaache na nasaha za kawaida tu. Baada ya miaka 6, katika kundi lililoachwa, watu takriban 68 kwa kila 100 walikuwa wamepata kisukari, na katika makundi yale matatu walikuwa baina ya 41 na 46. Walipofuatwa hata miaka 30, ilionekana kwamba waliobadili mwenendo walicheleweshewa kisukari kwa karibu miaka 4, na maradhi ya moyo na kiharusi yakawapungukia. Ufini mwaka 2001 na Marekani mwaka 2002 zilithibitisha yayo hayo: huko Marekani, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma kulipunguza kisukari kwa asilimia 58, na dawa ya metformini kwa asilimia 31.

Baada ya ushindi huo ndipo mpaka ulipoanza kusogezwa. Mwaka 2003 chama cha kisukari cha Marekani kilishusha kiwango cha chini cha kumhesabu mtu kuwa wa katikati kwa sukari ya asubuhi kabla ya kula, kutoka milimoli 6.1 hadi 5.6, na Shirika la Afya Duniani halikukifuata. Hivyo mwenye 5.8 ni mzima kwa mujibu wa Shirika, na si mzima kwa mujibu wa chama, wala mwilini mwake hakukubadilika kitu. Mwaka 2010 chama hicho kikaongeza kipimo cha HbA1c, kionyeshacho wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, kuanzia asilimia 5.7. Mwaka 2014 matabibu John Yudkin na Victor Montori waliandika kulalamikia halaiki ya watu wanaotiwa katika hesabu hiyo, na kwa haki. Kwani uchunguzi wa wazee wa Marekani walio katika hali ya katikati, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wanaorudi katika kawaida, au kufariki, ni wengi kuliko wanaofikiwa na kisukari.

Kwetu hali hii ya katikati si ngeni. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenziwe walichapisha uchunguzi wa vijiji vya Tanzania, ambamo wenye kisukari walikuwa karibu 1 tu katika 100, na wa katikati mara kadhaa zaidi. Tena HbA1c yaweza kudanganya kwa mwenye selimundu au upungufu wa damu, nao ni wengi katika nchi zetu.

Rai yangu ni kwamba hukumu hii ya kumweka mtu katikati yafaa, na yafaa sana kwa aliye kijana bado, kwa mnene wa tumbo, na kwa mwanamke aliyepata kisukari katika ujauzito, maadam inafuatwa na msaada wa kubadili mwenendo. Bali kumpa mzee wa miaka 80 jina hili na kumnyima tende zake ni kumwonea. Basi wewe uliyepewa karatasi hiyo, muulize tabibu wako ametumia kipimo gani na mpaka wa nani, umwombe akupime tena siku nyingine, na usikubali kuondoka na jina tupu pasipo kuelezwa la kufanya.