Daftari ya Yaya na njia za Excitebike

Leo sileti historia ya wafalme wala ya vita. Naleta ya daftari moja ya shule na mchezo mmoja wa televizyo.

Kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, tulikuwa na konsoli ya bei ndogo na kasete yake ya njano. Juu yake waliandika michezo maelfu; ukihesabu vizuri, haifiki hata makumi matatu. Mmoja ulikuwa Excitebike, mashindano ya pikipiki. Batoto wengi wa avenue walikuja kushindana tu. Yaya wangu yeye aliona pale pameandikwa Design, akaanza kujenga njia zake mwenyewe.

Unapewa barabara tupu ya mistari minne. Unatembea nayo, na kila kizuizi kiko na herufi yake: kilima kifupi, kilima kirefu, matope, mahali pa kupoza motere. Hiyo ya kupoza usiidharau, kwa sababu ukibonyeza kasi kubwa muda mrefu, motere inapata moto na pikipiki inasimama. Mjenzi mubaya anatupa vilima popote. Yaya aliwaza kwanza pikipiki itashukia wapi. Aliweka kilima kirefu, akaacha nafasi, kisha kifupi: ukiruka kwa kasi yote, unaangukia juu ya kile kifupi na kupinduka, ukipunguza kidogo, unapita kama maji. Alikuwa anakuomba upunguze kasi palepale unapotaka kukimbia. Mimi nilijenga kuta za vilima ambazo mutu hapiti. Njo pale akaweka sheria ya nyumba: anayejenga anapita wa kwanza. Asipopita, tunafuta.

Shida ilikuwa umeme. Ukikatika, njia inakufa. Kwenye menyu neno Save lilikuwepo, tulilibonyeza mara ngapi! Kesho yake hakuna kitu. Tulisema kasete ni ya uongo.

Miaka ilipita. Nikiwa chuoni nikasoma historia ya ule mchezo, nikajua kasete yetu tuliisingizia bure. Nintendo walitoa Excitebike kule Japani mwaka 1984, kazi ya Shigeru Miyamoto. Wakati ule Wajapani waliweza kununua mashine ya kurekodi, yenye kutumia kasete za muziki za kawaida, iliyouzwa kwa ajili ya konsoli ya Famicom. Save iliandikwa kwa ajili ya mashine ile. Mchezo ulipofika Marekani mwaka 1985, mashine haikuuzwa kule, lakini neno lilibaki kwenye menyu. Kitabu cha maelezo chenyewe kilionya kwamba sehemu ile haifanyi kazi. Kwa hiyo mtoto wa New York naye alipoteza njia zake kama sisi, tofauti ni kwamba yeye alipewa kitabu. Mchezo ulipotolewa tena kwa Wii mwaka 2007, kuhifadhi kuliwezekana.

Wazo lenyewe halikuanzia pale. Lode Runner ya mwaka 1983, mchezo wa kompyuta wa kupanda ngazi na kuchimba mashimo, ulikuja na hatua 150 na chombo cha mchezaji kujenga zake. Na kwenye kompyuta diski ilihifadhi.

Sheria ya Yaya niliikuta tena katika Super Mario Maker ya mwaka 2015: huwezi kutuma hatua yako kwa wengine mupaka uimalize wewe mwenyewe. Nilicheka peke yangu. Halafu, mwaka 2024, Nintendo walipokaribia kuzima mtandao wa Wii U, wachezaji walijipanga kumaliza kila hatua ambayo hakuna mutu aliyewahi kuipita. Mwishoni ilibaki moja, Trimming the Herbs. Mwezi wa tatu mwenye kuijenga akakiri: hakuipita kwa mikono yake, kifaa ndicho kilichobonyeza. Hata hivyo, siku chache kabla ya kuzimwa, mchezaji mmoja aliipita kwa mikono. Minafikiri Yaya angemsamehe mchezaji, mjenzi hapana.

Na sisi? Yaya alichukua daftari ya hesabu, akaanza kuandika njia zake kwa herufi, mstari mmoja njia moja, kama mutu anaandika neno refu lisilosomeka. Aliposafiri kutafuta kazi Kolwezi, daftari ilibaki jikoni. Mama aliwashia mbabula karatasi moja moja. Simulaumu, hakuna aliyemwambia ni kitu gani. Nimeokoa karatasi moja.

Mwezi uliopita niliijenga upya kwenye kompyuta, herufi kwa herufi. Kwenye kilima cha tatu nikapinduka. Nikarudia, nikapinduka. Nilipunguza kasi, nikaongeza, bure. Nikampigia simu.

“Yaya, hii njia yako haipitike. Uliipita kweli?”

Alinyamaza kidogo.

“Kati ya herufi kuko vinukta vya kalamu nyekundu. Ulivihesabu?”

Niliangalia karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Nyekundu ilikuwa imefifia karibu kuisha. Vinukta vilikuwepo: kila kimoja, hatua moja ya barabara tupu.

“Nisomee,” akasema. “Anza mwanzo, polepole.”