Pamba ya Mkono: Ufumaji wa Nguo kutoka Rukwa hadi Iringa

Simulizi nyingi za nguo katika Nyanda za Juu Kusini huanza na misafara ya pwani, kana kwamba kabla ya merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, watu wa bara walijua ngozi na magome ya miti tu. Ufipa, katika Rukwa ya leo, inatoa ushahidi tofauti.

David Livingstone alipopita huko mwaka 1872, aliikuta mipamba ikiachwa shambani mwaka mzima hadi ikawa miti, na katikati yake nafaka na karanga. Pamba hiyo ilifumwa nguo nzito zilizovaliwa na watu wengi. Kwanza ilitolewa mbegu, ikasokotwa uzi kwa kijiti chenye kigurudumu. Kisha mfumi alitandika mtande kwenye miti iliyolazwa karibu na ardhi, akapitisha mshindio na kuubana kwa ubao, mstari kwa mstari. Pwani nako ufundi huu ni wa kale: Kilwa vimechimbuliwa vigae vya mviringo vilivyotobolewa kwa ajili ya kusokotea, na msafiri Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za Mogadishu zilipelekwa hadi Misri.

Baada ya Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, merikani ilimiminika Zanzibar na kupanda bara pamoja na wapagazi. Baadaye zikafuata nguo za viwanda vya Bombay. Nguo kama ile iliyomgharimu mfumi siku nyingi sasa ilipatikana sokoni ikiwa tayari, ikipimwa kwa mikono. Uhehe, eneo la Iringa, watawala walitoza misafara hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo, na kitambaa cha kigeni kikawa alama ya ukubwa.

Wajerumani walipotawala, nao waliitaka pamba, ila ghafi, kwa viwanda vya kwao. Kilimo chake cha kulazimishwa kilichangia kuwasha Vita vya Majimaji huko Umatumbi mwaka 1905.

Vita Kuu vya Kwanza, vilivyoanza mwaka 1914, vilipofunga bahari, nguo ziliadimika. Ndipo magurudumu ya kusokotea na vitanda vya kufumia vikaundwa, hasa kwenye misheni, na sare za askari zikatiwa rangi ya hudhurungi kwa mmea uitwao ndaa. Meli ziliporudi, bei ya nguo za dukani iliushinda tena ufumaji wa mkono.

Kwa hiyo ufumaji haukufa kwa upungufu wa akili wala wa mikono; ulinyimwa uzi na soko. Mjini Iringa, Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, imewapa watu wenye ulemavu vyote viwili, na vitambaa vyao vinanunuliwa. Tanzania inavuna pamba kila mwaka na kuuza nje sehemu kubwa ikiwa ghafi. Halmashauri zetu zikiwapa wafumi uzi kwa bei nafuu, na shule zikaagiza kwao japo skafu za sherehe, ufundi wa Rukwa utapata warithi wanaoishi kwa kazi yao.