Linux Ilianza na Kitabu Kilichofungiwa

Swali ninaloulizwa kila wiki na vijana wa rika langu ni hili: "Bro, hii Linux ulisomea wapi?" Jibu langu huwaangusha moyo. Sikuisomea darasani. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na Linux nimejifunza mwenyewe, kwa laptopu ya mtumba na bando za usiku.

Lakini kuna swali moto zaidi ambalo hakuna mtu huuliza: iliwezekanaje? Inakuwaje mtu asiye na kitambulisho cha chuo afungue mfumo endeshi mzima wa kompyuta, ausome mstari kwa mstari, aubadilishe, na asishtakiwe? Wasee, ruhusa hiyo haikuanguka tu kutoka mbinguni. Kuna wakati watu walinyimwa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T huko Marekani, walianza kuunda mfumo unaoitwa Unix. Wakati huo AT&T ilikuwa imebanwa na serikali isifanye biashara ya kompyuta, kwa hivyo vyuo vikuu vilipewa Unix kwa bei ya chini, pamoja na msimbo wake, yaani yale maandishi yenyewe ambayo programu imeundwa nayo. Ni kama kuuziwa chapati ukapewa na siri ya mpishi.

Kule Sydney, Australia, mwalimu mmoja anaitwa John Lions akaona hii ni dhahabu. Mwaka 1976 aliandaa kitabu cha sehemu mbili kwa wanafunzi wake: sehemu moja msimbo wa kiini cha Unix, nyingine maelezo ya kila kipande. Mwanafunzi angeweza kukaa chini na kusoma jinsi mfumo halisi unavyofanya kazi. Si nadharia ya ubaoni, ni kitu chenyewe.

Kisha kampuni ikaanza kunusa pesa. Toleo la saba la Unix lilipotoka mwaka 1979, leseni yake ilikataza msimbo kufundishwa darasani. Kitabu cha Lions nacho kikabanwa: wenye leseni tu ndio waliruhusiwa kuwa nacho. Unajua wanafunzi walifanya nini? Walipiga fotokopi. Na fotokopi ya fotokopi. Kurasa zilififia hadi herufi zikawa kama ukungu, lakini zilizidi kupita mkono kwa mkono, nchi hadi nchi, kwa miaka mingi. Kitabu kilikuja kuchapishwa rasmi mwaka 1996. Hebu fikiria, karibu miaka 20 watu wanasoma somo la kompyuta kwa kujificha kana kwamba ni mwakenya wa mtihani.

Kule Amsterdam, mwalimu mwingine, Andrew Tanenbaum, alikataa kufundisha nadharia tupu. Akaketi akaandika mfumo wake mdogo kuanzia sufuri, Minix, ukatoka mwaka 1987 pamoja na kitabu chake. Sasa wanafunzi walikuwa na kitu cha kufungua tena. Tatizo ni kwamba ulikuwa wa kununua, na uhuru wa kuubadilisha na kuusambaza ulikuwa na mipaka.

Mmoja wa waliosoma kitabu hicho alikuwa Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, Finland. Mwaka 1991 alinunua kompyuta kwa mkopo, akawa anailipa mdogo mdogo, akaweka Minix ndani. Haikumtosha. Akaanza kuandika kiini chake mwenyewe, na tarehe 25 Agosti mwaka huo akatangazia watumiaji wenzake wa Minix kwamba anaunda mfumo, ila ni mchezo wake tu wa kupitisha muda. Alikuwa na miaka 21. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari kama 10,000 hivi.

Kilichoifanya Linux isife kama michezo mingine ni leseni. Mwamerika Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU mwaka 1983, akitaka programu ambazo kila mtu anaweza kuzitumia, kuzisoma, kuzibadilisha na kugawa. Leseni yake, GPL, inasema hivi: chukua, rekebisha, lakini ukisambaza, wape wengine haki ile ile uliyopewa. Torvalds aliweka Linux chini ya leseni hiyo mwaka 1992. Kuanzia hapo hakuna kampuni ingeweza kuamka asubuhi na kufungia kitabu tena.

Na matunda yamefika kwetu. Mwaka 2004, watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti, kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, na kwa miaka kadhaa ungeagiza diski iletwe kwa posta bila kulipa chochote. Jina lenyewe ni ndugu ya neno letu: utu. Leo simu ya Android iliyo mkononi mwako ina kiini cha Linux ndani.

Msinielewe vibaya. Sisemi shule ni bure. Lions na Tanenbaum walikuwa walimu, na Torvalds alimaliza shahada yake. Walimu ndio walipigana ili wanafunzi waone ndani. Aliyefunga mlango alikuwa mwenye leseni. Na hata leo mlango uko wazi, lakini nauli ya kufika mlangoni ni yako: laptopu, stima, bando. Hilo bado linawaacha vijana wengi nje, na tusijidanganye kwamba limeisha.

Lakini kama una laptopu hata ya zamani, tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu muhimu, weka Linux Mint, iwashe kutoka kwa flashi bila kufuta chochote kwa mashine. Fungua terminali. Andika man ls. Utapata ukurasa unaokueleza amri hiyo inafanya nini. Mtindo huo wa maelezo umetoka kwa kitabu cha mwongozo cha Unix cha mwaka 1971. Usipoelewa mara ya kwanza, soma tena. Kuna watu walisoma haya mambo kwa fotokopi iliyofifia. Wewe unasoma kwa skrini safi, na hakuna anayekuuliza kitambulisho.