Epijenetiki na kuzeeka kwa mishipa ya damu

Mabadiliko ya epijenetiki ni mabadiliko ya alama za kikemikali zilizo juu ya DNA na juu ya histoni, protini ambazo DNA huzizunguka. Alama hizo huamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, ilhali herufi za jeni hubaki zilezile. Kadiri umri unavyosonga zinapotea hapa na kurundikana pale, na hiyo ni sababu mojawapo ya ateri kukakamaa na kuziba.

Alama iliyochunguzwa zaidi ni metili. Mwaka 2013 mtafiti Steve Horvath wa Los Angeles alionyesha kuwa metili katika sehemu 353 za DNA zatosha kukadiria umri wa mtu.

Hata hivyo, umri peke yake hauelezi yote. Katika mwili mmoja damu ni ileile na kolesteroli ni ileile, lakini mafuta huanza kuganda kwenye kuta za ateri pale inapogawanyika au kupinda, ambako damu huvurugika na kurudi nyuma. Pale uliponyooka, mshipa hukaa salama muda mrefu zaidi. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mtiririko wa namna hiyo huongeza kimeng'enya DNMT1 katika seli za utando wa ndani, nacho hubandika metili kwenye jeni zinazolinda mshipa kama HoxA5 na kuzizima. Panya waliopewa decitabini, dawa inayozuia ubandikaji huo, walipata mgando mdogo zaidi wa mafuta kwenye ateri. Kwa binadamu dawa hiyo hutumika kwa magonjwa ya damu. Ni kali mno kwa mtu anayetaka tu kulinda ateri zake, kwani haichagui alama ya kufuta.

Sukari nayo huacha alama. Seli za mishipa zilizowekwa kwenye glukosi nyingi kwa saa 16 zilionekana kubaki na alama za histoni zinazochochea inflamesheni (mwitikio wa kinga unaoleta uvimbe) siku 6 baada ya glukosi kushushwa.

Kwa wazee, baadhi ya seli za uboho hupata kasoro katika jeni TET2 au DNMT3A. Hapo herufi zenyewe ndizo zimeharibika, ila ni herufi za jeni zinazosimamia metili. Seli hizo huzaana zaidi kuliko nyingine, na chembe nyeupe zitokanazo nazo huchochea inflamesheni ndani ya kuta za ateri, hivyo kuongeza hatari ya shambulio la moyo.